Mnyoosha mashuka aliyekosa likizo mara tatu, akaipata kwenye kitambaa cha meza

Saa moja kasorobo asubuhi, Bi Mnyoosho amezama hadi kiunoni katika rundo la mashuka machafu, na anasoma.

Hasomi gazeti. Anasoma shuka la chumba namba kumi na saba. Analiinua kwenye mwanga wa taa, analigeuza, analibonyeza pembeni kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha anatoa hukumu.

"Hawa ni watu wa ratiba," anasema. "Ona, halina hata tone la chai. Wameamka alfajiri, wametoka, wamerudi hoi, wameanguka kama magogo. Kesho wataondoka wamechoka kuliko walivyokuja."

"Na hili?" anauliza mwenzake wa upande wa pili, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta ambaye kazi yake ni kulisha mashine za kufulia.

"Hilo lina makombo ya biskuti, wino na jamu. Hao hawatoki kitandani. Wamelipia dirisha linaloangalia bustani, na bustani yenyewe hawajaiona."

"Wewe ungekuwa polisi, wezi wote wangehama nchi."

"Wezi hawalali kwenye mashuka ya hoteli, shoga. Wanayabeba."

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hoteli, mahali ambapo wageni hawafiki na joto haliondoki. Ni joto la kusimuliwa. Wafanyakazi wanaapa kwamba meneja mmoja aliingia humo kukagua akiwa na kitambi, na alipotoka mkewe alimkana getini.

Bi Mnyoosho, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, amefanya kazi humo kwa miaka ishirini na miwili. Asubuhi anachambua mashuka, mchana anayanyoosha kwenye mashine ndefu ya pasi inayopumua mvuke kama ng'ombe mwenye hasira. Yeye na wenzake wawili hunyoosha mashuka mia tatu na themanini kwa siku, na msimu wa wageni ukipamba moto hufika mia tano. Ukiyaunga yote aliyowahi kuyanyoosha, anasema, utaifunika dunia nzima, na kitabaki kipande cha kumpa mwezi.

Mshahara wake wa mwezi unatosha kulala huko juu usiku tatu. "Bila chai ya asubuhi," anaongeza, na kucheka.

Jina la Bi Mnyoosho alipewa na wenzake, kwa sababu hanyooshi nguo tu. Mfanyakazi akichelewa, ananyooshwa. Mpishi akituma aproni zenye mafuta bila kuzitenga, ananyooshwa. Lakini sifa yake kubwa ni ule usomaji. Wahudumu wa vyumbani humshukia na mashuka mikononi kama watu waendao kwa mnajimu.

"Kila familia ina namna yake ya kupumzika," anaeleza. "Wengine lazima watembee, wengine lazima walale, wengine wasipogombana hawajisikii wamefika. Tatizo ni kwamba watu huiga likizo ya jirani. Likizo ni kama kiatu. Cha mwenzako kinaweza kuwa kizuri, lakini kidole ni chako."

Maneno matamu. Ila mganga hajigangi. Huyu anayezisoma familia za watu kwa doa la chai alishindwa mara tatu mfululizo kuipumzisha familia yake mwenyewe, na kila mara kwa kishindo kikubwa zaidi.

Familia hiyo ni ya watu watano. Kuna mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache ambaye majirani wanaamini anahifadhi mengine kwa ajili ya uzeeni. Kuna baba mkwe wake, anayeitwa Babu na mtaa mzima, ambaye alitumia maneno yote ambayo mwanawe hakuyatumia. Kuna binti mkubwa, muuguzi, ambaye nyumbani anaitwa Dada Nesi. Na kuna binti wa mwisho, mwenye miaka kumi na mitatu, anayeitwa Kitinda.

Likizo ya kwanza ilikuwa zawadi. Hoteli ilimpa Bi Mnyoosho siku tatu katika hoteli ndugu, kwa utumishi wa miaka kumi na mitano. Vyumba viwili, vitanda vipana kama viwanja. Waliingia, wakaweka mabegi, na Kitinda, aliyekuwa mdogo sana, akajirusha kitandani.

"Shuka hapo!" mama yake alipiga kelele. "Unajua kuna mama wa watu yuko huko chini anamwaga jasho kwa ajili ya hilo shuka?"

Alisema hivyo kwa dhati. Hakuweza kuvumilia kuona kitanda kikikunjwa huku akimjua, bila kumjua, mwanamke atakayekinyoosha. Matokeo yake, watu watano walilala sakafuni kwa siku tatu, juu ya kanga na majaketi, vitanda vikiwatazama.

"Siku ya pili mhudumu wa chumba alituogopa," Babu anasimulia. "Kila akiingia, vitanda havijaguswa. Akaenda kumwambia meneja kwamba kuna familia haina miili. Meneja akaja kunishika mkono kuhakikisha. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mzima, ila nina mkwe."

Likizo ya pili walikwenda kwa shemeji wa mumewe, kwenye nyumba kubwa yenye ua. Bi Mnyoosho alidhani huko hakuna hoteli, kwa hiyo hakuna kosa. Alisahau kwamba ndugu wakisikia fundi anakuja, huandaa kila kitu isipokuwa chakula.

"Walikuwa wameniwekea," anasema fundi bomba.

Tunamsubiri aendelee. Mkewe anamsaidia.

"Bomba la jikoni lilianza kuvuja mwezi wa tatu. Wakaweka sufuria chini, wakamsubiri hadi mwezi wa nane. La bafuni hivyo hivyo. Siku ya tatu majirani wakaanza kuja na mabomba yao mkononi, wameyang'oa ukutani. Mume wangu nilimwona mara mbili tu, zote mbili miguu."

Likizo ya tatu ndiyo iliyozidi zote. Dada Nesi, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, alisema wazazi wake hawajui kupanga, aachiwe yeye. Akawapeleka kwenye mahema kando ya ziwa, na kwenye nguzo ya hema akabandika ratiba. Saa moja kuamka. Saa moja na dakika kumi mazoezi. Saa tatu hadi saa tano, kufurahi.

"Sikutanii," anasema Babu. "Iliandikwa hivyo, kufurahi. Saa tatu na dakika tano akanijia na saa mkononi. 'Babu, muda wa kufurahi umeshaanza na wewe bado umenuna.' Nikamwambia, mchumba wangu, furaha yangu imechelewa njiani, tuisubiri."

Siku ya tatu mambo yaliharibika. Kitinda aligoma kuamka. Fundi alikwenda kutembea bila ruhusa ya ratiba. Bi Mnyoosho akamwambia binti yake kwamba anawafanya wagonjwa wa wodini, na binti akajibu kwamba wagonjwa angalau hushukuru. Walirudi siku mbili kabla ya muda. Kwenye basi hakuna aliyemsemesha mwenzake, isipokuwa Babu, aliyezungumza na dereva mpaka dereva akawasha redio.

Walipofika mlangoni, Dada Nesi aliweka begi chini. "Likizo na nyinyi ni zamu ya ziada isiyo na malipo," alisema. "Mimi sirudii tena."

Na hakurudia. Kwa miaka miwili, kila alipopata mapumziko alilala kwa rafiki zake.

Mwaka huu barua ikaja. Dada Nesi amehitimu, amepangiwa hospitali iliyo safari ya siku mbili kutoka nyumbani, aripoti tarehe mosi. Nyumba nzima ilishangilia. Mama yake alishangilia kwa sauti kuliko wote, kisha akaenda bafuni, akafungua maji ili asisikike.

"Mtoto akishaondoka kwa kazi, na kesho kwa ndoa, utampata kwa simu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Nilitaka mara moja tu. Tukae watano, hatuna pa kukimbilia, na tupendane. Mara moja. Nisibaki na picha ya mwisho ya lile basi, kila mtu ameangalia dirisha lake."

Alikuwa na siku tisa za likizo, binti yake alikuwa na wiki tatu kabla ya kuondoka, na hakujua waende wapi wala wafanye nini ambacho hawajakiharibu.

Jibu lilimjia kwenye kapu la nguo chafu.

Kulikuwa na familia chumba namba tisa, watu watano kama wao. Mashuka yao yalimsumbua. Moja lilikuwa na mbegu za nyasi. La pili rangi ya maji, bluu na kijani. La tatu lilinuka grisi ya baiskeli. La nne lilikuwa na vumbi la vitabu vya zamani, na la tano lilikunjika katikati tu, la mtu aliyelala mchana kutwa bila kugeuka.

"Nikasema, hawa hawapendani," anakumbuka. "Kila mmoja na njia yake. Hawa wamekuja kuachana."

Halafu kikashuka kitambaa cha meza yao kutoka chumba cha kulia. Kilikuwa na madoa juu ya madoa. Mchuzi, chai, mchuzi tena, matunda, nta ya mshumaa uliowaka mpaka ukaisha, na alama za viwiko kumi, zimezama kama za watu waliokaa saa nyingi wakiinamiana.

Jioni hiyo alivunja kanuni. Alivua aproni, akapanda ngazi za jikoni, akachungulia kwenye kioo cha mlango. Aliwaona. Wahudumu walikuwa wameshapandisha viti vya meza nyingine zote, na wale watano bado wamekaa, mmoja anasimulia kwa mikono yote miwili, wengine wanafuta machozi kwa kucheka.

"Nikaelewa," anasema. "Wanaachana asubuhi ili wawe na cha kuambiana jioni. Sisi tulikuwa tunashikana mikono kutwa kama watoto wanaovuka barabara. Saa za chakula zikifika, hatuna jipya, tuna lawama."

Alimpigia binti yake siku hiyo hiyo. Mazungumzo, kama wote wawili wanavyoyakumbuka, yalikuwa mafupi.

"Mama, ratiba iko wapi?"

"Hakuna ratiba. Asubuhi kila mtu anashika njia yake. Ni marufuku kumfuata mtu, marufuku kumuuliza mtu aendako. Saa kumi na mbili jioni wote mezani."

"Na Babu je?"

"Babu naye hatafuatana na mtu."

"Nitakuja siku mbili. Ya tatu kuna basi la saa saba mchana. Nitapanda."

Walikodi nyumba ndogo ya vyumba viwili katika mji wa mlimani, kituo cha mwisho cha treni. Jikoni kulikuwa na meza ya mbao, viti vinne na ndoo. Babu aliichukua ndoo, akasema kiti chenye mpini ni cha heshima. Sheria ziliongezwa mbili. Anayesikiliza haruhusiwi kusema "uongo", na mwenye simulizi bora haoshi vyombo. Kitinda aliwekewa mpaka: asivuke reli.

Jioni ya kwanza Babu alishinda bila jasho. Alieleza kwamba alikwenda kunyoa kwa kinyozi wa mji huo, mtu wa taratibu mno, hivi kwamba kila akimaliza upande wa kulia, wa kushoto umeshaota. "Nimetoka kwa sababu kafunga duka," alisema. "Kesho anaendelea."

Kitinda alimfuata paka kutwa na kugundua kwamba ana nyumba kumi na moja, na kila nyumba inamwita jina lake na kumlisha kana kwamba hajala. Dada Nesi alisema alilala mpaka saa nane, basi. Hakuna aliyemwambia kitu. Alitazama huku na huku, akingojea lawama ambayo haikuja.

Jioni ya pili Babu alidai upepo wa mlimani ni mkali kiasi kwamba alipiga chafya akipanda, na akakutana nayo akishuka. Ushindi ulionekana wake tena. Kisha fundi bomba akakohoa.

"Leo," alisema, "nilipita sokoni. Kuna bomba la maji pale katikati. Linavuja."

Meza nzima ikainama.

"Nimelitazama. Ni mpira tu wa ndani. Dakika tano. Spana ninayo mfukoni." Akasogeza sahani yake mbali. "Nikaweka mikono mfukoni. Nikapita."

Babu alisimama juu ya ndoo yake kupiga makofi. Kitinda alipiga vigelegele. Bi Mnyoosho anasema hajawahi kumtamani mumewe kiasi kile tangu siku ya harusi. Fundi hakuosha vyombo, na inasemekana alitabasamu mpaka asubuhi.

Bi Mnyoosho mwenyewe, siku ya tatu, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Alilala kitandani. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akalikunja shuka lote, tena kwa makusudi, akala biskuti humo humo. Lakini masikio yake yalikuwa kwenye saa. Saa saba ilipita, na honi ya basi aliisikia toka mbali.

Chumba cha wasichana kilikuwa kitupu. Begi la Dada Nesi halikuwepo.

Saa kumi na mbili walikaa wanne. Sheria ni sheria, hakuna aliyeuliza. Kitinda aliweka sahani tano, akaondoa moja, akairudisha. Babu, kwa mara ya kwanza katika maisha ya watu wote waliowahi kumfahamu, alisema hana simulizi.

"Tuanze kula," alisema Bi Mnyoosho. Hakuna aliyeanza.

Saa moja kasorobo, mlango ulifunguliwa. Dada Nesi alisimama hapo, vumbi mpaka magotini, viatu mkononi, begi mgongoni.

"Msiniulize," alisema akihema. "Nipeni kiti, nitasema mwenyewe."

Akasema. Alikuwa amepanda basi la saa saba, akakaa dirishani. Kituo cha kwanza akapanda mwanamume mmoja na mlango. Mlango mzima wa mbao, wenye kitasa. Kondakta akasema mlango uende juu ya basi, mwenyewe akasema ameulipia nauli, utakaa. Akausimamisha katikati ya njia, yeye akawa nyuma yake. Abiria wa nyuma wakawa hawawezi kushuka bila kuupita. Mzee mmoja akaja, akaugonga. "Hodi!" Yule bwana akajibu toka nyuma, "Karibu!" na akaufungua kidogo. Baada ya hapo basi zima likashikwa na wazimu. Mama mmoja alipiga hodi akaambiwa mwenye nyumba katoka. Kondakta alipokuja kudai nauli, akaambiwa afute miguu kwanza.

"Nikacheka mpaka mbavu zikauma," alisema Dada Nesi. "Nikageuka nimwambie mtu. Pembeni yangu kuna gunia la vitunguu. Nikasema, sasa hii nampelekea nani? Nikaona saa: mtakuwa mezani saa kumi na mbili. Nikagonga mlango, nikashuka. Kilomita kumi na mbili kwa miguu, Mama. Visigino vimekwisha."

Kicheko kilichofuata, Bi Mnyoosho anadai, kilisikika mpaka kwa yule kinyozi, akakata upande asioukusudia.

Babu hakucheka kwanza. Aliweka kijiko chini kwa heshima, kama bondia anayevua glavu. "Huo mlango," aliuliza taratibu, "waliutoza nauli ya mtu mzima au ya mtoto?"

"Ya mtu mzima, Babu. Ulikuwa umesimama."

"Basi mimi leo naosha vyombo," alisema Babu. "Na vya kesho."

Basi la kesho yake lilipita saa saba, likapiga honi, likaenda zake. Na la siku iliyofuata. Dada Nesi alikaa siku zote zilizobaki, na jioni za mwisho walikuwa wakinyang'anyana zamu ya kusema.

Sasa yuko kazini kwake, mbali. Wiki ya kwanza alipiga simu saa kumi na mbili kamili jioni, akaomba wamweke katikati ya meza. Hufanya hivyo kila Jumapili. Babu analalamika kwamba ushindani umekuwa mkali, hospitali ina visa vingi, na yeye katika umri huu inambidi atoke nyumbani mapema kutafuta vya kusema.

Huko chini hotelini, mashine ya pasi imeshachemka. Bi Mnyoosho anatandaza shuka la kwanza, anapitisha kiganja, analisukuma ndani. Mwenzake anamuuliza likizo ijayo wanakwenda wapi.

Mpango upo, anasema. Dada Nesi ameshaomba ruhusa siku zile zile. Safari hii wao wanne ndio watakaokwenda kwake, siku mbili njiani, na kila mmoja atapanda basi lake ili wafike na visa vinne tofauti. Kitinda tu ndiye atakayesafiri na baba yake, kwa sharti kwamba wasikae kiti kimoja.

Fomu ya likizo alishaijaza mwezi uliopita. Penye swali la mahali mfanyakazi atakapopatikana, aliandika: "Mezani, saa kumi na mbili jioni." Ofisi ikamrudishia, imekunjwa mara nne, na maelezo kwa kalamu nyekundu: aandike anwani kamili.

Bi Mnyoosho aliitazama. Akaipitisha kwenye mashine ya pasi, ikatoka imenyooka kama noti mpya, akawarudishia vilevile.